Kikohozi Nilichokiandika

Juma lililopita, baada ya sala ya alasiri, mwanamke mmoja alinibishia hodi kwa sauti ya mtu asiye na hakika kama nyumba ndiyo. Nilipomkaribisha aliniuliza akiwa bado amesimama kizingitini, "Ni wewe uliyekuwa Karani, kule Changamwe, nyumba ya vyumba sita?" Nikamwambia ndimi, ijapokuwa ukarani wenyewe niliuacha zamani na hakuna tena aniitaye hivyo. Akasema, "Mama ametutoka. Tumemzika Jumamosi." Hakutaja jina la mama yake wala hapakuwa na haja. Paji lile la uso, na ile namna ya kuegemea mlango kwa bega moja kana kwamba anausaidia usianguke, vilinitosha. Ulimi wangu ulitangulia kusema yale tusemayo sisi Waislamu, kisha nikakumbuka kuwa wao ni watu wa kanisa, nikaongeza poleni. Aliketi, akanywa chai. Mapajani alikuwa ameweka bahasha ya kaki, na hakuifungua mpaka kikombe kilipokwisha.

Wasomaji wa safu hii mnajua kwamba mimi si msomi. Darasa la nne ndilo lililonifikisha nilipofika, na mengi ninayowaandikieni huyatoa katika madaftari yangu ya zamani, ambayo nayo hukosea. Nimekaa siku tano nikijiuliza kama ninastahili kuandika habari za mama huyu. Si kwamba simjui. Tulikaa mlango kwa mlango miaka mingi. Ni kwamba aliwahi kunipa maneno yake niyaandike, mara moja tu maishani, nami nikayaharibu.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya makuti, baadaye ya mabati, si mbali na njia ya reli. Ukumbi ulianzia mlango wa mbele ukaishia uani, vyumba vitatu huku na vitatu huku, na kila chumba kilikuwa na watu wake. Chumba cha kwanza alikaa mwenye nyumba, bibi mjane, mtu wa Jomvu Kuu kama mimi. Cha pili tulikaa mimi na mke wangu na watoto wetu wawili. Mkabala na sisi, upande wa pili wa ukumbi, alikaa marehemu na mumewe. Mume alikuwa kuli wa bandarini, mtu mpole mwenye mabega mapana, leo zamu ya asubuhi, kesho zamu ya jioni. Kwao ni bara, safari ya gari la moshi na kisha basi la nusu siku. Vyumba vilivyobaki vilikuwa vya wanaume watupu, wanne wanne, kila mmoja na mkeka wake.

Huo ndio uliokuwa mtindo, na sitaki kumlaumu mtu kwa ajili yake. Mwanamume wa bara alikuja mjini kufanya kazi. Mkewe alikuja kumwona baada ya mavuno, akakaa mwezi, akarudi shambani. Watoto walikuwa wa nyumbani, na nyumbani hapakuwa Changamwe. Waliojenga vyumba vya wafanyakazi waliamini hivyo pia, ndiyo maana walijenga vyumba vya mtu mmoja na kitanda chake. Mama huyu alikuja kumwona mumewe kama wenzake, akiwa na mimba, na alipokwisha kujifungua hakurudi. Mumewe alipomuuliza safari ni lini, alimjibu mbele yetu sote uani, huku akipepeta mchele: "Safari ya kwenda wapi? Mimi nimefika."

Basi akamlea bintiye hapo. Alimpaka mafuta asubuhi akamlaza juani juu ya mkeka, na mtoto yule alinona, akawa na mikunjo vifundoni kama amefungwa uzi. Alipoanza kutembea alikula nyumba mbili, kwao kwanza, kisha akavuka ukumbi akakaa kwenye sinia yetu bila kukaribishwa. Wanangu wakikosa, mama yule aliwatia kofi. Wake akikosa, mke wangu alifanya vivyo hivyo. Hatukukaa kikao kuamua jambo hilo.

Bibi mwenye nyumba alimpenda mtoto huyo kupita kiasi, na kwa sababu alimpenda alimwita Kibaya. "Kibaya changu kiko wapi? Hebu kilete kiuso chake kibaya nikione." Akamchora doa la wanja kwenye paji la uso ili asipendeze mno. Mama mtu, siku za mwanzo, alikasirika.

"Bibi, mwanangu amekukosea nini? Mbona wamwita mbaya kila siku?"

"Nimwite mzuri, nani apate kusikia?" Bibi akajibu. "Mwanangu, hapa twapita watu wengi. Wako wenye macho mema, na wako wasioweza kutazama kitu kikanawiri. Mtoto wako ni mbaya, mbaya kabisa, masha Allah."

"Kwetu mtoto akiwa mzuri twasema ni mzuri."

"Ndiyo maana mmebaki wachache," Bibi akasema, na uani kukawa na kicheko ambacho mama mwenyewe hakuweza kujizuia nacho.

Naeleza hayo ili mjue mimi nililelewa vipi. Mamangu hakusema hata siku moja kwamba nina afya. Akiulizwa, alijibu kwamba nipo nipo tu, nakohoa kidogo, na kila aliyesikia alielewa kuwa mtoto ni mzima na mama yake ana adabu.

Binti alipotimiza miaka mitano ulikuja ujumbe kutoka kwao, umebebwa na mtu wa kijijini aliyepata kazi Airport. Baba mkwe alisema wakati umefika mtoto aende kwa nyanyake. Mjini si mahali pa kulea. Mjukuu wake mwingine alikuwa amefia mjini kwa maradhi ya kifua, na hakutaka kuzika wa pili. Mume akatazama chini. "Baba akishasema, amesema," ndilo lililokuwa neno lake. Mke hakulala, hakupika, hakuacha kusema, mpaka mume akakubali jambo moja: waandike barua. Mzee akisomewa kwamba mtoto ni mzima na mji haukumdhuru, huenda akalegeza. Akikataa, mtoto ataondoka, na mama hatalizungumza tena.

Jumapili hiyo, au Ijumaa kama asemavyo mke wangu, walinijia chumbani wote wawili. Katika nyumba ile mwandishi wa barua nilikuwa mimi. Mama alikaa kitako sakafuni, binti mapajani, na kila alipotaka kusema neno muhimu alimshika mtoto shavu.

"Andika, Karani. Mtoto hajambo. Amenona. Hakohoi. Andika hilo, hakohoi hata kidogo. Anakula sahani yake na sahani ya Karani."

"Niandike na hilo la sahani?"

"Liandike! Mzee ajue tunaishi na watu."

Mumewe alicheka. Mimi nikaandika salamu, na salamu zetu ni ndefu, kwa hiyo nilipata muda wa kufikiri. Nilifikiri kwamba barua hiyo itasomwa dukani kwao, mbele ya watu nisiowajua. Nilifikiri kuhusu mtoto kutangazwa hivyo, mwili wake na mashavu yake, kwa kila mwenye masikio. Wallahi niliogopa. Nilijua vizuri barua ilikuwa ya nini, sitajificha nyuma ya kutojua, ila niliona hakuna mtu mzima duniani asiyefahamu mzazi anaposema kwa kujishusha. Basi nikaandika kwamba mtoto yupo yupo tu, mwembamba kidogo, na kikohozi cha hapa na pale, lakini tunamshukuru Mungu. Kisha waliponiambia niwasomee, nikawasomea maneno ya mama, si yale niliyoandika. Nilimwona akitikisa kichwa kwa kuridhika. Daftari langu la siku ile lina mstari mmoja tu: "Nimewaandikia jirani barua, imetoka vizuri."

Mzee alikuja mwenyewe. Hakujibu kwa barua. Tulimwona adhuhuri moja akiingia ukumbini na kofia yake mkononi, viatu vimejaa vumbi, mtu mrefu mwenye heshima zake. Tulimwamkia, akaitika vizuri, akaketi kwenye kiti cha Bibi. Binti akaja mbio kutoka uani, uchi, maji yakimchuruzika, ameponyoka kwenye beseni. Mzee alimtazama kwa muda.

"Naona mwili upo," alisema. "Lakini kifua hakionekani kwa macho. Yule mwingine pia alikuwa na mwili."

"Baba, hana kifua," mama akasema. "Tumekuandikia hana."

Mzee akatoa barua mfukoni mwa koti, akanipa mimi, kwa kuwa aliambiwa karani ndiye mimi. "Soma, wasikie."

Nilisoma. Hapakuwa na njia nyingine, maana mzee alikuwa amesomewa na alijua kilichomo. Nilipofika kwenye kikohozi, mama yule aligeuza uso akanitazama, na nilimsikia mke wangu uani akiacha kutwanga.

"Mzee," nikasema, "maneno haya ni yangu. Hakusema yeye. Yeye alisema mtoto ni mzima."

"Wewe uliandika uongo?"

"Si uongo, Mzee. Ni adabu. Kwetu hatumsifu mtoto, twaogopa jicho."

Mzee alifikiri. Sikuona hasira usoni mwake, na ninataka hilo lijulikane. "Karani, kwetu mtu akisema mtoto anakohoa, mtoto anakohoa. Sasa waniambia barua ilisema isivyo. Kama uliweza kuandika isivyo, nitajuaje kwamba unalosema sasa ndilo? Mimi nimeshazika. Nitafuata lile neno litakaloniepusha kuzika tena."

Bibi alijaribu. Alimwapia kwa Mungu, akamwonyesha doa la wanja, akamweleza habari ya Kibaya mpaka sauti ikamkauka. Mzee alimsikiliza kwa adabu yote, kama mtu anavyosikiliza mahubiri ya dini isiyo yake. Mume alisimama mlangoni akikunja na kukunjua kofia ya baba yake. Kesho yake alfajiri mzee na mtoto walikwenda kituoni. Barua aliiacha juu ya kiti, na sikujua ni nani aliyeiokota.

Mama hakunisemesha kwa muda nisioujua vizuri. Daftari halisemi, labda niliona haya. Alikuwa amepata mtoto wa pili, wa kiume, na alimlea kimyakimya, bila jua la asubuhi na mafuta, kana kwamba hakutaka kumzoea. Kisha alasiri moja alinijia nikiwa uani, amebeba kipande cha mkaa.

"Karani, nifundishe."

Nilimfundisha mbele ya mumewe na Bibi na mke wangu, kwenye sakafu ya saruji, kwa mkaa. Herufi alizisoma kwenye gunia la unga na kwenye kasha la sabuni. Alikuwa mgumu mwanzoni, na mimi nilikuwa mwalimu mbaya, ila hakuchoka. Bibi alikuwa akimtania.

"Mtu mzima na mkaa! Saruji yangu yote imekuwa jiko."

"Nitaiosha, Bibi."

"Na ukishajua, utaniandikia na mimi barua?"

"Nitakuandikia. Na utakalosema ndilo nitakaloandika."

Nilikuwa nimechutama hatua mbili kutoka hapo. Sikuinua macho.

Barua yake ya kwanza aliiandika peke yake, mlango umefungwa, akaipeleka posta kwa miguu yake. Sikuiona na sikuuliza. Najua tu kwamba mzee alijibu kuwa mtoto yuko shule, akimaliza darasa aliloanza atarudi. Alitimiza ahadi hiyo. Wakati ambapo wengi kwao walimwona msichana shuleni ni hasara, yeye alimpeleka mjukuu wake, na lazima niliseme hilo japo linaniuma.

Alimrudisha wiki chache kabla ya bendera ya uhuru kupandishwa. Zilikuwa siku za maneno mengi. Kwenye baraza za kahawa watu walikuwa wakisema habari za majimbo, kwamba wa bara warudi kwao, na hata jamaa zangu wa Jomvu walisema hivyo nami sikuwapinga kwa nguvu niliyopaswa kuwa nayo. Bibi ndiye aliyewapinga, akiwa kitandani, macho yamefifia. "Waende wapi? Watoto wao wamekojolea mikeka yangu. Mtu akishakojolea mkeka wako ni mgeni tena?"

Binti aliingia ukumbini nyuma ya babu yake. Alikuwa mrefu, mwembamba kweli sasa, kama nilivyoandika. Mama alikuwa amesimama hapo tangu asubuhi. Mtoto alimkaribia, akainama kidogo, akampa mkono, akamsalimu kwa lugha ya kwao jinsi mtoto mwenye adabu anavyomsalimu mke wa mtu. Bibi akaita kutoka chumbani, "Kibaya changu! Ndoo, ndoo nikuone!" Mtoto akarudi nyuma akashika koti la babu, akamuuliza jambo kwa sauti ndogo. Nilimwona mama akigeukia ukuta. Baadaye mumewe alinieleza kilichoulizwa: tutarudi lini nyumbani?

"Amerudi, Karani," mama aliniambia siku kadhaa baadaye, tukiwa bombani. Ilikuwa mara ya kwanza kunisemesha kwa hiari yake juu ya jambo hilo. "Lakini amerudi kama mgeni. Anaomba ruhusa kunywa maji."

Usiku wa bendera watu walicheza ngoma barabara nzima, nasi tulifurahi kama wengine. Lakini kila nikisikia watu wakikumbuka siku zile, fikira zangu huenda kwa mtoto aliyesimama penye mtungi wa kwao, kikombe mkononi, akingoja aambiwe kunywa. Nchi ilirudishwa kwa wenyewe. Mambo mengine yalirudishwa yakiwa yamepoa.

Walihamia Mikindani mume alipopata kazi ya karibu na huko, nasi tukahama baadaye, na Bibi alikuwa ameshafariki. Siku wanapakia vyombo mama alivuka ukumbi, akaegemea mlango wangu kwa bega, akasema, "Najua ulikuwa unamkinga mwanangu. Nakushukuru kwa hilo. Lakini hukuniuliza." Hatukulisema tena, ingawa tulikutana harusini na matangani na kila Idi alileta mkono wa Idi, sahani ya chakula, kama jirani. Sijui kama alinisamehe. Mtu anaweza kukuletea chakula miaka yote na asikusamehe, na pengine hivyo ndivyo ilivyokuwa, na pengine sivyo.

Basi binti yake alipomaliza chai alifungua bahasha. "Hii ilikuwa kwenye sanduku lake, chini ya nguo za kanisani," alisema. Niliutambua mwandiko wangu kabla hajaikunjua, ule mwandiko wa darasa la nne niliokuwa nikijivunia. Karatasi ilikuwa imelainika kama kitambaa. Juu ya "mwembamba kidogo" palikuwa na mstari wa penseli, umekandamizwa mpaka karatasi imetoboka, na juu ya mstari, kwa herufi kubwa zisizolingana, zile zile za kwenye saruji: AMENONA. Na penye kikohozi, mstari mwingine, na neno: HAKOHOI.

"Mama alikuwa akiniambia sikuwa mgonjwa," binti akasema. "Babu alisema nilikuwa. Nilimwamini Babu."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu Babu alisema imeandikwa." Akanitazama, na macho yale niliyajua. "Nimekua nikijua kwamba nilikuwa mtoto dhaifu na mama hakuweza kunitunza. Ndivyo nilivyomfikiria, mpaka tumemzika. Sasa niambie wewe. Nilikuwa mgonjwa?"

Nilimwambia. Nilimwambia habari ya beseni na maji yakichuruzika, na mikunjo ya vifundoni, na sinia yetu. Nilimwambia kwa nini aliitwa Kibaya. Alilia, nami sikumwambia anyamaze. Alipokuwa akiondoka aliniomba kitu kimoja: niandike, palipo wazi, watu wasome. "Maana mimi ni mtu wa kuamini kilichoandikwa," alisema, na akacheka kidogo katikati ya machozi, kicheko cha mama yake.

Ninyi mnaosoma na mnaoandikiwa, sina elimu ya kuwapa zaidi ya hii niliyoilipia kwa mtoto wa mtu. Mwenzako akikupa neno lake ulibebe, libebe lilivyo. Hata likikutisha, hata likiwa tupu kuliko unavyopenda, usilivishe nguo zako bila kumuuliza. Na kama waogopa, mwambie waogopa, kabla kalamu haijagusa karatasi.

Sasa naandika nilivyoambiwa, nimechelewa, na aliyeniambia hayupo kunisikiliza nikisoma. Mtoto hajambo. Amenona. Hakohoi, hakohoi hata kidogo. Anakula sahani yake na sahani ya Karani.